Mwanafunzi Anaposahau: Breki za Kumbukumbu na Kazi ya Mwalimu

Hakuna chumba cha walimu ambamo maneno haya hayajapata kusemwa: "Jana niliwafundisha wakaelewa, leo wamesahau wote." Husemwa kwa uchovu, pengine kwa hasira, na aghalabu hufuatwa na hukumu: watoto hawa ni wazito, ni wavivu, au hawataki shule. Sisi tuliofundisha shule za msingi kabla ya kuja kuwafundisha walimu wanafunzi tumeyasikia maneno hayo kwa miaka mingi, na tumeona pia yanakoishia: fimbo, kusimamishwa mbele ya darasa, au lile jina baya la "kichwa kigumu" ambalo mtoto hulichukua mpaka nyumbani. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja tu. Mtoto anaposahau, ni nini hasa kilichotokea ndani ya kichwa chake? Maana hukumu itolewayo bila kujua kilichotokea si hukumu ya haki.

Katika vyuo vyetu tumezoea kulijibu swali hili kwa maneno ya saikolojia ya elimu peke yake: hamu, usikivu, mazoezi. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo elimu ya viumbe imekwisha kuingia ndani zaidi, hadi kwenye seli moja moja ya neva, na imekuta humo jambo ambalo walimu wachache wamepata kuelezwa. Seli haingojei kumbukumbu kama mtungi ungojeavyo maji. Seli ina breki. Ina vizuizi vyake yenyewe vinavyozuia jambo lisikae humo kwa kudumu mpaka pawepo sababu ya kutosha. Baadhi ya vizuizi hivyo ni vipande vidogo mno vya RNA, na namna vinavyofanya kazi huitwa uingiliaji wa RNA. Tungependa walimu wanafunzi waujue utaratibu huu, si kwa ajili ya mtihani, bali kwa sababu unabadili namna mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesahau.

Kusahau kulivyopimwa

Mtu wa kwanza kukupima kusahau kwa tarakimu alikuwa Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885. Hakuwapima watoto wala wanafunzi wake, alijipima mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazikariri orodha baada ya orodha, akangoja muda, kisha akazikariri upya na kuhesabu ni kiasi gani cha kazi alichookoa kwa kuwa aliwahi kuzijua. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 ya kazi. Baada ya saa moja aliokoa asilimia 44. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 21. Yaani zaidi ya nusu ya faida yake ilikwisha kupotea katika saa ya kwanza.

Tumfikirie mtu huyu. Alikuwa mtu mzima, msomi, mwenye nia thabiti, ambaye hakutishwa na yeyote wala hakuwa na njaa. Naye alisahau. Nani angethubutu kumwita kichwa kigumu?

Ebbinghaus aligundua na jambo la pili, ambalo kwa mwalimu ni zito kuliko la kwanza. Marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyofanywa yote katika siku moja. Kazi iliyogawanywa ilipunguza jasho karibu kwa nusu. Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na bado tunaingia madarasani tukikuta mada nzima imemwagwa katika vipindi viwili, ikapigiwa mstari, ikaachwa.

Tuliyoyaona katika darasa moja

Wakati mmoja, tukiwakagua walimu wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa la tatu lililokuwa likifundishwa jedwali la saba la kuzidisha. Mwalimu mwanafunzi alikuwa na bidii kubwa. Alitumia vipindi viwili mfululizo. Watoto waliimba jedwali, wakaliandika, wakaliimba tena mpaka madirisha yakatetemeka. Mwisho wa kipindi kila aliyeulizwa alijibu. Katika sehemu ya tathmini kijana yule aliandika kwamba lengo limefikiwa, na mtu yeyote aliyekuwapo angekubaliana naye.

Siku nne baadaye darasa lile lile liliulizwa saba mara nane, likanyamaza. Mwalimu mwenyeji alikasirika, akawasimamisha mbele wale walioshindwa. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja mdogo ambaye kwa siku mbili zilizofuata hakuonekana shuleni. Tulipokwenda kwao pamoja na yule mwalimu mwanafunzi, mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Walimu wangu, mwanangu anasema yeye hana akili. Ninyi mliosoma niambieni, ni kweli?"

Swali la mama yule lilistahili jibu lililo bora kuliko maneno ya kumfariji. Sehemu zinazofuata ni jaribio la kulieleza jibu hilo kwa ukamilifu ambao mlangoni pa nyumba ya watu hauwezekani.

Kujifunza na kuhifadhi ni kazi mbili

Mwaka 1900, huko Göttingen, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker walieleza kwamba jambo jipya halikai imara mara tu linapojifunzwa. Huhitaji muda wa kuimarika, na likifuatwa upesi na kazi nyingine kabla ya kuimarika, huharibika. Kwa miaka 60 wazo hilo lilikuwa la watu wa saikolojia tu. Kisha, katika miaka ya 1960, Bernard Agranoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani walilipeleka kwenye kemia ya mwili. Waliwafundisha samaki wadogo wa rangi ya dhahabu kuvuka kizuizi majini taa iwakapo, ili wakwepe mshtuko wa umeme. Baadhi yao waliwadunga puromaisini, dawa izuiayo seli isitengeneze protini.

Samaki waliodungwa mara baada ya mafunzo walipopimwa siku chache baadaye walikuwa kana kwamba hawakufundishwa kamwe. Lakini waliodungwa saa moja baada ya mafunzo walikumbuka. Zaidi ya hayo, dawa haikuwazuia samaki kujifunza wakati wa somo lenyewe. Ilizuia tu somo lisidumu.

Walimu wanafunzi na wauzingatie ushahidi huu. Kujua jambo mwisho wa kipindi ni kazi moja ya ubongo. Kulijua wiki ijayo ni kazi nyingine, yenye mahitaji mengine. Kazi ya pili hudai seli zitengeneze protini mpya na kuimarisha maungio yaliyo kati ya seli na seli. Darasa lile la jedwali la saba lilikuwa limekamilisha kazi ya kwanza kwa haki kabisa. Kazi ya pili haikupewa nafasi.

Tarishi na barua iliyochanwa

Sasa yatubidi tuulize: ni nani aamuaye kama protini hizo zitengenezwe au zisitengenezwe?

Ndani ya kiini cha seli mna DNA, ambayo twaweza kuifananisha na leja kuu iliyofungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Leja haitoki ofisini. Protini fulani inapohitajika, ukurasa wake, yaani jeni, hunakiliwa katika umbo la RNA, na nakala hiyo hutoka kwenda mahali protini zinapoundwa. Huitwa RNA tarishi, na jina hilo linaistahili, kwani kazi yake ni ya tarishi hasa: kuchukua barua ofisini na kuifikisha karakana.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba RNA ni mtumishi tu, asiye na amri yoyote. Dalili ya kwanza ya kinyume ilionekana katika maua. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha habari za petunia walizozitilia jeni ya ziada ya rangi wakitaraji zambarau iliyokolea zaidi, lakini baadhi ya maua yakachanua meupe. Kuongeza kulileta kupunguza. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1998, pale Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walipofanya majaribio juu ya mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi na seli za neva 302 tu. Walionyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili ikiingizwa katika mnyoo huyo, hunyamazisha jeni ile ile ambayo mfuatano wa herufi zake unafanana nayo. Kwa ugunduzi huo Fire na Mello walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleweka. Seli huikata RNA hiyo ya nyuzi mbili katika vipande vifupi vya herufi ishirini na kitu. Kila kipande hushikwa na protini maalumu, nazo hukitumia kama kielelezo cha kutambulia barua. RNA tarishi yoyote ambayo maneno yake yanaoana na kielelezo hicho hukamatwa njiani. Huchanwa, au huzuiwa isisomwe. Leja haikuguswa. Barua iliandikwa. Ila haikufika.

Isitoshe, seli haihitaji mtafiti ailetee vipande hivyo, hujitengenezea. Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo yule yule, walilidhihirisha hilo mwaka 1993, wakatuzwa Nobel mwaka 2024. Vipande hivyo vya asili huitwa mikroRNA. Vimo katika wanyama na mimea, vimo ndani yetu pia, na katika ubongo vipo kwa wingi.

Breki za konokono wa baharini

Ili kuona vipande hivi vikifanya kazi katika kumbukumbu, hatuna budi kumwendea mnyama ambaye ubongo wake ni mdogo wa kutosha kufuatiliwa. Mnyama huyo ni Aplysia, konokono mkubwa wa baharini mwenye seli za neva zipatazo 20,000, baadhi yake kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna aliyefanya utafiti wake Marekani, alimchunguza kwa miaka mingi na akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Aplysia akiguswa hulirudisha ndani shavu lake la kupumulia. Akipigwa mshtuko mmoja mkiani huwa mwoga, na mguso mdogo tu humfanya ajikunyate kwa nguvu. Lakini uoga huo huisha baada ya dakika chache. Akipigwa mishtuko kadhaa yenye vituo kati yake, huukumbuka kwa siku. Wachunguzi waliweza hata kuzitoa seli mbili za neva zinazohusika, wakaziweka katika kisahani, na badala ya mshtuko wakazidondoshea serotonini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa wakati huo. Tone moja liliimarisha maungio kwa dakika. Matone matano yaliyoachiana nafasi yaliyaimarisha kwa zaidi ya siku moja, na maungio mapya yakaota.

Kwa nini matano yenye nafasi yafanye ambalo moja haliwezi? Ndani ya seli kuna protini iitwayo CREB1 ambayo hufungua kurasa za leja zinazohitajika kwa kumbukumbu ya kudumu, na kuna nyingine, CREB2, ambayo huzifunga. Mwaka 2009 Priya Rajasethupathy, Kandel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza kwamba seli hizo za Aplysia zina mikroRNA iitwayo miR-124, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzikamata barua za CREB1. Serotonini ilipokuja, miR-124 ilipungua, na CREB1 ikaongezeka. Watafiti walipoiongeza miR-124 kwa makusudi, maungio hayakuimarika kama kawaida. Walipoizuia, yaliimarika kupita kawaida.

Mwaka 2012 kundi hilo hilo lilitoa sehemu ya pili ya habari. Ipo jamii nyingine ya RNA ndogo, piRNA, ambayo ni ndugu ya hizo tulizozieleza. Mojawapo huongezeka katika seli baada ya serotonini, na husababisha alama ya kemikali ibandikwe kwenye DNA pale penye jeni ya CREB2, nayo jeni ikanyamaza. Basi RNA ndogo moja hushuka ili kifunguzi kiachiwe. Nyingine hupanda ili kifungio kifungwe. Kumbukumbu ya kudumu hupita katikati ya malango hayo mawili.

Mambo ya namna hii hayakuonekana kwa konokono peke yake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba inzi wadogo wa matunda wanapofunzwa kuikumbuka harufu, sehemu mojawapo ya chombo cha uingiliaji wa RNA huvunjwa, ili protini ziweze kutengenezwa penye maungio. Mwaka huo huo Gerhard Schratt na wenzake walieleza kwamba katika seli za ubongo wa panya, mikroRNA miR-134 hukizuia kichipukizi cha maungio kisikue mpaka ishara ifaayo ifike.

Je, breki ziondolewe?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama breki ndizo zinazotusahaulisha, kwa nini zisiondolewe zote? Swali hili lilijaribiwa. Mwaka 2010 Witold Konopka na wenzake walieleza habari za panya ambao, walipokwisha kukomaa, sehemu ya mbele ya ubongo wao ilinyimwa Dicer, kimeng'enya kikatacho RNA katika vipande. MikroRNA zikapungua, na panya wale wakafanya vizuri zaidi kuliko wenzao katika mitihani kadhaa ya kumbukumbu. Lakini hawakubaki hivyo. Baada ya wiki kadhaa seli za ubongo wao zilianza kuharibika.

Tunaliona hili kuwa fundisho kubwa. Breki si kasoro ya gari. Ubongo ulio mzima hukataa kuhifadhi kila upitialo, na kukataa huko ni sehemu ya afya yake. Mtoto hukutana kila siku na nyuso, sauti na maneno yasiyo na idadi. Kama kila moja lingekaa kwa kudumu, angepotelea humo. Kwa hiyo seli hungoja kuambiwa tena, kisha tena, ndipo isadiki kwamba jambo hili ni la kuwekwa. Kusahau kwa mara ya kwanza ni desturi ya ubongo uliotulia, wala si uasi wa mtoto.

Hapa pia inafaa kuwaonya walimu vijana juu ya njia za mkato. Katika mwaka 1962 James McConnell wa Michigan alitangaza kwamba minyoo bapa waliokula vipande vya minyoo waliofundishwa walijifunza upesi zaidi, na wengi wakaamini kwamba RNA hubeba masomo kama gunia libebavyo mahindi. Watu walianza kuota ndoto za vidonge vya elimu. Wengine waliporudia majaribio ya namna hiyo hawakupata matokeo yale, na mwaka 1966 wataalamu 23 walitia sahihi barua ya pamoja kueleza kwamba wameshindwa kuihamisha kumbukumbu kutoka panya hadi panya. Mwaka 2018 kundi la David Glanzman huko Los Angeles lilieleza kwamba RNA iliyotolewa kwa Aplysia waliofunzwa iliwafanya wengine wawe waoga kama wao. Jambo hilo linabishaniwa. Lakini uoga wa konokono si jedwali la saba. Yeyote amwuziaye mwalimu dawa ya kuwafanya watoto wakumbuke anamwuzia maji.

Kutoka maabara hadi darasani

Yatupasa sasa kuwa waangalifu. Aplysia ana seli za neva 20,000. Mwanadamu anazo zipatazo bilioni 86. Hakuna aliyezipima mikroRNA ndani ya ubongo wa mtoto akijifunza kuzidisha. Mwalimu asisimame mbele ya wazazi na kudai kwamba sayansi ya RNA imethibitisha ratiba yake. Ushahidi wa darasani husimama kwa miguu yake wenyewe. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikusanya majaribio 317 juu ya kujifunza kwa maneno, na faida ya kuyagawanya mazoezi ikaonekana wazi. Mwaka huo huo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari za kusoma. Waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42 baada ya wiki moja. Waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuiangalia walikumbuka asilimia 56. Ajabu ni kwamba dakika tano baada ya somo waliosoma mara mbili ndio waliokuwa mbele. Mwalimu ambaye angewapima mwisho wa kipindi tu angechagua njia iliyo dhaifu.

Elimu ya viumbe haituletei ratiba, ila inatueleza kwa nini ratiba hiyo hufaa. Hata inzi wa matunda, kama Tim Tully na wenzake walivyoonyesha mwaka 1994, wakipewa mafunzo kumi yenye mapumziko ya dakika 15 hukumbuka kwa wiki nzima. Wakipewa yale yale kumi mfululizo hawaipati kumbukumbu hiyo ndefu. Idadi ya mafunzo ni sawa, mnyama ni yule yule. Tofauti ni nafasi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima haba zipishane.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wanafunzi mambo yafuatayo:

(a) Katika azimio la kazi, marudio yaandikwe kwa tarehe kama mada nyingine yoyote. Jambo lililofundishwa leo lirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Dakika tano au kumi za mwanzo wa kipindi zatosha.

(b) Marudio yaanze kwa swali, si kwa maelezo. Ubao ufutwe, madaftari yafungwe, kila mtoto aandike akumbukacho kabla ya kuonyeshwa jibu. Kuimba pamoja hakutoshi, maana sauti ya watoto arobaini huwaficha ishirini.

(c) Mambo mawili magumu yanayofanana yasifuatane upesi. Jedwali la saba na la nane hayafai kuanzishwa katika asubuhi moja.

(d) Tathmini ya somo iandikwe mara mbili: siku ya somo, na wiki moja baadaye. Neno "wameelewa" ni la siku ya kwanza. Neno "wanajua" lingoje la pili.

(e) Mtoto asahauye hata baada ya marudio mengi yenye nafasi achunguzwe kwa upole. Huenda haoni ubao, hasikii vizuri, au huja na njaa. Hayo hayatibiwi kwa kumwaibisha.

Katika darasa lile tulilolitaja, mwalimu mwanafunzi aliyafanya haya kwa wiki tatu zilizobaki za mazoezi yake. Kila asubuhi aliuliza maswali sita tu ya kuzidisha, kimya, kwa kuandika. Hatusemi kwamba hilo lilikuwa jaribio la kisayansi. Halikuwa na darasa la kulinganishia, na sisi hatukupima chochote. Twasema tuliyoyaona. Wiki ya kwanza majibu yalikuwa machache na ya kubahatisha. Wiki ya tatu watoto walianza kukasirika maswali yalipochelewa. Yule msichana alirudi, akakaa mahali pake pa zamani karibu na mlango, na siku ya mwisho ya ukaguzi tulimwona akimweleza jirani yake, kwa vidole na kwa kunong'ona, kwamba saba mara nane ni saba mara saba ukiongeza saba.

Hitimisho

Tumeona kwamba kumbukumbu ya kudumu haiingii katika seli kwa kusukumwa. Ina malango, na baadhi ya malinzi wake ni RNA ndogo zinazokamata barua zisizo na haraka ya kufika. Malinzi hao hawatishiki kwa fimbo, wala hawasikii kelele; hulegea kwa ishara irudiayo baada ya nafasi. Mama yule tulimjibu kwamba mtoto wake ana akili, na kwamba somo lilikuwa halijarudiwa vya kutosha. Tulimjibu hivyo kwa kuwa ndiyo kweli, si kwa kumtuliza.

Walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao tunawaomba wachore safu moja ya ziada katika daftari la maandalio, yenye kichwa "Baada ya wiki moja", na kuijaza kwa uaminifu hata pale itakapowavunja moyo. Watakaporudi chuoni tutaziweka safu hizo mezani, tuzisome pamoja, na tuone ni mada zipi zinazodai kurudiwa mara tatu na ni zipi zinazodai mara saba.